Hodi ya Tatu

Tulifunga redio kumi na moja, mimi na Nanjota,
kiangazi kile, kutoka ghala la korosho la Kitangari
hadi zahanati ya bondeni isiyouona mnara wowote.
Mgongo wa uwanda umeikinga; simu kule ni tochi tu.
Basi tukayafundisha mabati kusemezana.

Paa la shule. Paa la mashine ya kusaga.
La saba lilikuwa la Bi Somoe Nachinguru,
ambaye hana simu, na haitaki.
"Mnaniwekea nini kichwani?"
Jirani, nikasema. Kazi yake kubisha hodi.

Sikumdanganya. Kila sekunde mbili
kila redio hubisha: hodi, mimi nipo, wewe je?
Anayeitika huandikwa.
Asiyeitika hungojwa. Hodi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikirudi mikono mitupu, jina lake hufutwa,
bila kinyongo,
kama mgeni mwenye adabu anavyogeuka mlangoni.

Hakuna redio inayoijua njia nzima.
Ghala halijui zahanati iko wapi;
linajua shule ilisema
kwamba mashine ilisema
kwamba kwa Bi Somoe kunapitika.
Kila habari ina namba, uvumi wa jana usije ukaushinda ukweli wa leo,
na kila ujumbe hupewa pumzi kumi na tano.
Kila paa linakula moja. Zikiisha, unazimika njiani
badala ya kuzunguka vizazi na vizazi, kama deni la ukoo.

Nanjota alitaka njia ya mkato:
shule, kisha zahanati, moja kwa moja juu ya mikorosho.
Tulipima. Mvua ikilowesha majani, nusu ya maneno hubaki matawini.
Kwa Bi Somoe ni kuzunguka, lakini kila kinachotumwa kinafika.

Mwisho wa mwezi alidai hesabu.
"Wangapi wamepita?"
Elfu sitini na mia nne.
"Wamebeba nini?"
Sijui, Bi Somoe. Wamefungwa midomo. Hata mimi sijui.
"Elfu sitini," akasema, "na hakuna aliyeonja hata muhogo."

Wiki ya mnada wa pili akaenda Masasi, binti yake kajifungua.
Kabla ya kufunga mlango akazima swichi,
kama mtu anavyofukia moto jikoni.

Hodi.
Hodi.
Hodi.

Njia ikahamia kwa Chitanda, dukani,
ambako katika kila maneno matatu moja hupotea.
Nesi Fidea aliomba dripu mara mbili; ombi la tatu ndilo lililofika.
Hakuna aliyejua, ila mimi na kioo changu cha kompyuta
na mstari wa saba, mweupe.

Alirudi baada ya arobaini, akanenepa kidogo, akawasha.
"Walinitafuta?"
Walibisha mara tatu.
"Halafu?"
Wakapita kwingine.
"Kwa muda gani hizo tatu?"
Sekunde sita.
Akazihesabu kwa vidole, polepole, akaishiwa mkono mmoja, akashika wa pili.
"Mimi Likolovela nilimngoja miaka sita,
tangu alipovuka Ruvuma."

Nilitaka kumweleza kwamba mtandao unaoomboleza
haumfikishii mtu dawa.
Niliinama nikakaza nati isiyolegea.

Redio za jirani hazikumwamini mara moja. Ndivyo zilivyoumbwa:
anayerudi huhesabiwa hodi zake, moja moja,
mpaka zitoshe. Jioni mstari wa saba ukaanza kupata rangi.
Saa mbili na dakika kumi na nne
ujumbe wa kwanza ukapita juu ya bati lake,
mzito, umefungwa, ukielekea bondeni.

"Huyo," nikasema.

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua macho.
"Apite," akasema.